Kupeleka ardhilhali kwenye Bunge la Kaunti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Kenya wanaotaka kulifikishia Bunge la Kaunti yao jambo rasmi: dispensari isiyo na dawa, soko lisilo na choo, taa za barabarani zilizokufa, au sheria ya kaunti inayowaumiza. Wengine husema ombi, wengine petisheni, na kwenye shughuli za bunge utasikia ardhilhali. Kaunti ziko 47 na kila bunge lina Kanuni zake za Kudumu. Kabla ya kuandika chochote, pitia ofisi ya Karani wa Bunge uombe kuona sehemu inayohusu maombi ya umma. Huwa ni kurasa chache tu.

Haki hii imetoka wapi? Si ni hisani ya MCA (mwakilishi wadi)?

Si hisani ya mtu. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki, kwa amani na bila silaha, ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaileta haki hiyo hadi mashinani: kifungu cha 15 kinasema mtu yeyote anaweza kuliomba Bunge la Kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria ya kaunti. Kwa hivyo ukifika mapokezini ukaambiwa "nyinyi rudini nyumbani, mheshimiwa atalishughulikia", jibu kwa adabu kwamba umekuja kuwasilisha ardhilhali chini ya kifungu cha 15, na usiondoke.

Tofauti ya kuandikia Bunge la Kaunti na kuandikia serikali ya kaunti ni ipi?

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Gavana, mawaziri wa kaunti, maafisa wakuu na wasimamizi wa wadi ndio wanaotenda kazi: wanaajiri wauguzi, wanatoa zabuni, wanafungua na kufunga choo cha soko. Bunge la Kaunti halifanyi kazi hizo. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwachunga hao wanaotenda.

Sheria ya Serikali za Kaunti imeacha milango yote miwili wazi. Kifungu cha 88 kinawapa wananchi haki ya kuiandikia serikali ya kaunti yenyewe, na kifungu cha 89 kinazilazimu ofisi zake kujibu bila kuchelewa. Jambo likiwa dogo na la haraka, kama bomba lililopasuka au jaa la taka ambalo halijazolewa, anza na idara husika. Nenda bungeni idara ikikupuuza, au tangu mwanzo ikiwa unachotaka ni sheria ibadilishwe, pesa zitengwe, au uchunguzi ufanywe. Na hata unapokwenda bungeni, ile barua ya kwanza kwa idara haijapotea bure. Utaitumia kama ushahidi.

Nitajuaje kama jambo langu ni la kaunti?

Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Humo mmeorodheshwa kazi za kaunti: afya ya msingi, hospitali za kaunti na ambulensi, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti na taa zake, maegesho, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na mifugo, leseni za pombe, kelele na kero nyingine za umma, zimamoto.

Shule za msingi na sekondari, polisi, vitambulisho na barabara kuu si za kaunti. Barabara ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu kwa macho lami ni lami. Kumbe hii ya hapa ni ya kaunti, ile inayoikata pale mbele ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), na nyingine mtaani ni ya KURA au KeRRA (mamlaka za kitaifa za barabara za mijini na za mashambani). Ukipeleka ombi la barabara kuu kwa Bunge la Kaunti utajibiwa kwa kistaarabu kwamba hawana mamlaka, na miezi yako imeyeyuka. Uliza kwanza kwa msimamizi wa wadi ni ya nani. Kwa mambo ya serikali ya kitaifa, Kifungu cha 119 cha Katiba kinakuruhusu kuliandikia Bunge la kitaifa.

Ni lazima tupitie kwa MCA wetu?

La. Kwa kawaida njia ni mbili: unampelekea Karani wa Bunge mwenyewe, au unampa mwakilishi wadi aiwasilishe kwa niaba yenu. Anaweza kuwa MCA wa wadi nyingine, au mmoja wa wale walioteuliwa.

Kupitia kwa MCA kuna faida yake. Anajua ratiba, anawajua wanakamati, na atasimama kulitetea. Hasara ni kwamba ombi huanza kunuka siasa. Likihusu mradi ambao yeye mwenyewe aliuzindua kwa mbwembwe, usishangae likikaa kwenye droo. Ushauri wetu ni kumpelekea Karani, kisha kumpa MCA nakala kwa heshima ili asije akasema alizungukwa. Wawakilishi wadi hawapendi kusikia mambo ya wadi yao yakisomwa na Spika kabla ya kuyasikia wao.

Tunahitaji sahihi ngapi?

Moja inatosha. Kifungu cha 15 kinamzungumzia mtu, hakikutaja umati. Sahihi nyingi zina uzito wa kisiasa, hilo halina ubishi, lakini sahihi 40 za wachuuzi wa soko lenyewe huwa na nguvu kuliko mamia ya majina yaliyookotwa stendi ya matatu, ambao wenyewe wakipigiwa simu na kamati hawajui hata walitia sahihi nini.

Kuna mahali ambapo idadi imewekwa na sheria. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinazungumzia kura ya maoni ya mashinani kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji: hapo ombi linahitaji sahihi za angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa katika eneo husika. Hiyo ni safari nyingine kabisa.

Asiyejua kuandika je?

Anaweka alama ya kidole gumba, jina lake linaandikwa kando, pamoja na nambari ya kitambulisho na mahali anapoishi. Nunueni kibweta cha wino mapema, kalamu ya wino haifanyi kazi hiyo vizuri.

Ombi lenyewe liandikweje?

Kanuni za mabunge mengi ya kaunti zimefuata mtindo wa lile la kitaifa: liandikwe kwa mkono au kwa kuchapwa, bila kufutafuta wala kuchomeka maneno juu ya mistari, kwa lugha ya heshima, kila ukurasa uonyeshe mada, lieleze hatua mlizochukua na majibu mliyopata, liseme kama jambo liko mahakamani au la, na limalizike kwa ombi lililo wazi. Sahihi ziwekwe kwenye karatasi yenyewe ya ombi, zisikatwe kwingine na kubandikwa kwa gundi.

Huu hapa mfano wa kubuni, wa soko:

*Kwa Bunge la Kaunti ya ……*

*Sisi, tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa wadi ya …… na wachuuzi katika soko la ……, tunalifahamisha Bunge:*

*KWAMBA soko hili lina choo kimoja kilichojengwa na kaunti, nacho kimefungwa kwa kufuli tangu Machi mwaka huu;*

*KWAMBA tunaendelea kulipa ushuru wa soko kila siku, na stakabadhi tunazo;*

*KWAMBA tulimwandikia msimamizi wa wadi tarehe …… na idara ya biashara tarehe ……, na hatujajibiwa;*

*KWAMBA jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote wala chombo kingine cha kisheria.*

*KWA HIVYO tunaliomba Bunge la Kaunti, kupitia kamati yake inayohusika na biashara, limwite waziri wa biashara wa kaunti aeleze kwa nini choo kimefungwa; lipendekeze kifunguliwe na kupelekewa maji ndani ya siku 30; na lihakikishe pesa za kukitunza zimo katika makadirio ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha.*

Tazama aya ya mwisho. Inataja nani aitwe, kitu gani kifanyike, na lini. Maombi mengi yanayokufa hufia hapo, kwa sababu waandishi wametumia kurasa tatu kulia kisha wakamaliza na "tunaomba serikali itusaidie". Kamati haiwezi kuandika ripoti juu ya "itusaidie". Hata Karani akilisoma kwa huruma, hajui alipeleke kamati gani.

Tazama pia kwamba hakuna aliyetukanwa. Hata kama mnajua ufunguo uko mfukoni mwa nani, andikeni "kimefungwa kwa kufuli" na mwacheni waziri ajaze jina akiwa mbele ya kamati. Ukiandika kwamba afisa fulani ni mwizi, umempa Karani sababu ya kulirudisha, na umempa huyo afisa sababu ya kwenda kwa wakili.

Tunaweza kuandika kwa Kiswahili?

Ndiyo. Kifungu cha 7 cha Katiba kimefanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Andikeni kwa lugha ambayo mwenyekiti wenu ataweza kuitetea akisimamishwa mbele ya kamati. Kiingereza cha kukodi kwa kijana wa saiba hujulikana mara swali la kwanza linapoulizwa.

Ushahidi tuutoe wapi?

Anzeni na mlivyo navyo: stakabadhi za ushuru, picha zenye tarehe, kadi za kliniki, nakala za barua mlizopeleka, muhtasari wa baraza la chifu au mkutano wa wadi. Kama kinachohitajika kiko kwenye mafaili ya kaunti, mathalani mkataba wa ujenzi au pesa zilizotengwa, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mnaandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, mkieleza hati mnayoitaka. Ofisi ina siku 21 za kuamua, na kuwasilisha maombi hayo hakuna ada. Mtakacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Siku hizo 21 zihesabuni mapema. Kamati ikipata hati ya kaunti yenyewe inayosema choo kilitengewa pesa, kikao kinabadilika sura.

Siku ya kupeleka tufanye nini hasa?

Nendeni na nakala tatu. Ya kwanza inabaki kwa Karani, ya pili ni ya MCA, ya tatu ni yenu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani: hakikisheni imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea ameandika jina lake. Bila mhuri, mwezi ujao utaambiwa halijafika, na huna cha kuonyesha. Kama mlezi wa mhuri ametoka kwenda chai, msubirini. Msikubali "wacheni hapo nitagonga baadaye".

Hamlipi chochote. Akitokea mtu wa kuomba "ya kusukuma faili", huyo ni wa kuripotiwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Tunataka kuandamana hadi bungeni tukalikabidhi. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa kwa mujibu wa kile kile Kifungu cha 37, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mumwarifu OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo hilo kwa maandishi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Hiyo ni taarifa tu, na nakala yake nayo igongwe mhuri. Piga simu pia kwa ofisi ya Karani kuuliza kama bunge lina kikao wiki hiyo. Watu wameshawahi kutembea kwa jua la saa sita wakafika kwenye lango la bunge lililo likizoni, wakapokelewa na askari wa langoni.

Baada ya hapo nini hutokea?

Karani hulikagua kuona kama limetimiza masharti. Likiwa na kasoro, anapaswa kuwaelekeza namna ya kulirekebisha, nanyi mlirudishe. Likikubaliwa, Spika au MCA hulisoma bungeni, wajumbe wachache huchangia, kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika: ya afya, ya biashara, ya barabara na kadhalika. Kwa mtindo ambao kaunti nyingi zimeufuata, Karani ana siku saba za kukagua, na kamati ina siku 60 tangu ombi liliposomwa kuleta ripoti. Angalia Kanuni za Kudumu za kwenu kama siku ni hizo hizo, uziandike kwenye kalenda.

Tukiitwa mbele ya kamati?

Nendeni wawili au watatu, si basi zima, ingawa wengine wana haki ya kukaa na kusikiliza: Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka Bunge la Kaunti na kamati zake vifanye kazi hadharani. Mmoja awe wa kueleza, mwingine wa kutoa hati kwa mpangilio. Msilisome ombi upya, wanalo mbele yao. Elezeni kwa dakika chache mtu mmoja anayeumia na namna anavyoumia. Mchuuzi akisema kwamba huacha kunywa maji tangu alfajiri ili asihitaji choo hadi afike nyumbani, wajumbe huinua macho kutoka kwenye simu zao.

Kamati ina meno pia. Kifungu cha 195 kinaipa uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete nyaraka. Waziri akikosa kufika, waulizeni wanakamati, kwa upole, kama watautumia uwezo huo.

Ni wakati gani mzuri wa kupeleka ombi?

Kama unataka sheria irekebishwe au uchunguzi ufanywe, wakati wowote bunge likiwa na vikao. Lakini kama unachotaka kinagharimu pesa, na vingi hugharimu, basi usipotazama kalenda ya bajeti utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti, unaogawa viwango kwa kila idara, hufika kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Ombi lililosomwa mwezi wa sita linakuta pesa zimeshagawanywa; hata kamati ikikubaliana nanyi kwa neno, itaandika "idara izingatie katika mwaka ujao wa fedha". Lililosomwa mwezi wa saba linaweza kuingia kwenye mpango wa mwaka. Lililosomwa Novemba au Januari linaweza kuwahi viwango vya idara. Tukilazimika kuchagua, tungepeleka ombi la pesa mara bunge linaporudi mwanzoni mwa mwaka na kuhudhuria kila kikao cha bajeti cha umma tukiwa na ile nakala yenye mhuri mkononi. Na lijengewe juu ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kaunti: mradi ukiwa tayari umo humo, mnadai ahadi, hamwombi kipya.

Kamati ikikubaliana nasi, serikali ya kaunti inalazimika kutii?

Si kama amri ya korti. Ripoti ni mapendekezo. Nguvu yake iko kwenye bajeti, kwenye kumrudisha waziri kiti moto, na mwishowe kwenye hoja ya kumwondoa kazini. Ripoti ikipita, ombeni nakala na mwandikieni afisa mkuu wa idara mkinukuu pendekezo na muda wake. Muda ukipita, mwambieni MCA aulize swali rasmi bungeni.

Siku zimepita na kimya kimetanda. Tufanye nini?

Mwandikieni Karani barua fupi: tarehe ya mhuri, tarehe ombi liliposomwa, siku zilizowekwa na kanuni, na swali moja: ripoti iko wapi? Nakala kwa Spika na kwa mwenyekiti wa kamati. Mara nyingi barua hiyo huamsha faili. Ikishindikana, Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, hupokea malalamishi ya ucheleweshaji na kutojibiwa, na hapo kifungu cha 89 ndicho cha kutaja. Mahakama Kuu inabaki kuwa hatua ya mwisho. Ni ya gharama na mtahitaji wakili.

Jambo letu lina kesi kortini.

Bunge halitaligusa, na mkificha likagundulika mmeharibu jina. Kama kesi inahusu sehemu moja tu, tenganisheni: kesi ya nani mwenye shamba iende kivyake, ombi la mtaro wa maji liende kivyake.

Tunaweza kutumia ardhilhali kumng'oa gavana?

Mnaweza kuomba bunge lichunguze mwenendo wake, lakini kumwondoa huanzia kwa hoja ya MCA inayoungwa mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe, kisha theluthi mbili kuipitisha, kisha Seneti. Kuna pia Kifungu cha 192 cha Katiba kuhusu kusimamisha serikali nzima ya kaunti. Wakazi wa Makueni walijaribu njia hiyo mwaka wa 2014 baada ya mvutano kati ya gavana na bunge lake. Tume ikaundwa, ikawasikiliza, na mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuisimamisha kaunti. Kama shida yenu ni choo cha soko, msianzie huko.

Nambari zetu za vitambulisho zitabaki salama?

Hilo ni jukumu la wanaokusanya kwanza. Karatasi za sahihi zisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp "kuonyesha tumefika mia moja". Nambari ya kitambulisho na sahihi pamoja ni mali kwa matapeli. Mtu mmoja anayeaminika azitunze, na nakala yenu yenye mhuri ifungiwe.

Mgeni asiye raia, au mtoto, anaweza kutia sahihi?

Kifungu cha 37 na kile cha 15 vinasema "mtu", kwa hivyo mfanyabiashara mgeni aliye na kibanda sokoni anaweza, akiandika nambari ya hati yake. Kifungu cha 88, cha kuandikia serikali ya kaunti moja kwa moja, kinawataja raia. Watoto hawana kitambulisho, na orodha yenye majina bila nambari hurudishwa. Kama ni chekechea inayovuja, wazazi watie sahihi na mwalimu atoe idadi ya watoto wanaosomea chini ya paa hilo.